Kisima kimetiwa dawa. Halafu?

Kipindupindu kikiingia kata yoyote, taarifa ya kwanza kufika mezani kwa kamati ya afya huwa ni ya visima: vingapi vimetiwa dawa. Namba hiyo inapendwa kwa sababu ni rahisi kuihesabu. Lakini klorini iliyomwagwa kisimani Jumatatu haimlindi anayechota Alhamisi. Maji mapya yanaingia kisimani kutoka ardhini muda wote, kila ndoo inayoshushwa inaingia na uchafu wake, na dawa inaliwa ikaisha, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili.

Tuanze na hesabu ya kisima chenyewe, maana wengi hukisia kwa macho. Funga jiwe kwenye kamba, ulishushe hadi chini, ulitoe, kisha pima sehemu iliyolowa. Hicho ndicho kina cha maji. Pima na kipenyo cha mdomo. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, kisha kwa 0.785. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya mita 2.5 kina mita za ujazo 2.8, yaani lita 2,800 hivi. Ukitaka miligramu 50 za klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 140 za klorini halisi. Unga wa HTH, yaani unga wa klorini (kalsiamu hipokloriti), wenye nguvu ya asilimia 70 utapimwa gramu 200. Soma nguvu kwenye lebo, na angalia kopo limekaa wazi tangu lini: unga uliokaa stoo yenye joto na unyevu si wa asilimia 70 tena, hata kama lebo inasema hivyo.

Maji yanatangulia kwenye ndoo ya plastiki, unga unafuata. Usigeuze utaratibu huo. Vaa glavu na miwani, upepo uwe mgongoni. Koroga, acha machicha yatuame, mimina maji ya juu tu. Changanya kisima kwa kushusha na kupandisha ndoo mara nyingi, kisha kifunikwe kwa saa 12 hadi 24. Wenyeji waambiwe jana yake wajaze madumu, la sivyo usiku watafungua kifuniko, na huwezi kuwalaumu. Kesho yake unachota na kumwaga mpaka klorini ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Usimwage kwenye bwawa la samaki.

Kazi hii ina mahali pake: kisima kimefurika, kimeangukiwa na mnyama, au kimetoka kukarabatiwa. Ila ni ya kusafisha kisima. Maji ya kunywa ya wiki nzima ni habari nyingine.

Maji ya kunywa wakati wa mlipuko hutibiwa kwenye dumu, palepale kisimani, na mtu aliyekaa na bomba la sindano lisilo na sindano. Mchanganyiko mama ni wa asilimia 1: gramu 15 za unga, yaani kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa unga, dawa ya maji ya kufulia isiyo na manukato, yenye asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu mbili na nusu za maji, inakupa nguvu ileile. Weka kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, na tengeneza upya kila wiki.

Mililita ngapi kwa dumu? Hapa ndipo watu hunakili kipimo cha kata jirani na kuharibu. Kila kisima kina njaa yake ya klorini. Chukua ndoo nne za lita 20, tia mililita 2, 3, 4 na 5 za mchanganyiko mama, koroga, subiri dakika 30, pima klorini huru iliyobaki, yaani ile ambayo bado haijaliwa na uchafu. Tuseme umepata miligramu sifuri, 0.1, 0.4 na 0.8 kwa lita. Kipimo cha kisima hicho ni mililita 4, kidogo kabisa kilichoacha zaidi ya 0.2. Mvua ikinyesha na maji yakabadilika rangi, rudia jaribio siku hiyohiyo. Maji ya tope hayatibiki kwa klorini peke yake; yatuamishwe kwanza kwa shabu, kisha yachujwe. Mbegu za mlonge nazo hung'arisha maji, ila huacha mabaki ya mmea yanayokula klorini.

Sasa linganisha. Gramu 200 zilizomwagwa kisimani mara moja zingetoa lita 13 na kidogo za mchanganyiko mama. Kwa mililita 4 kila dumu, hayo ni madumu zaidi ya 3,300. Kisima kinachochotwa madumu 300 kwa siku kingelindwa siku 11. Dawa ni ileile. Kinachokosekana kwenye bajeti ni posho ya mtu wa kukaa kisimani, tangu alfajiri hadi giza linapoingia. Kamati hupitisha makopo ya dawa bila maswali, ikifika kwenye posho ya huyo mtu ndipo mjadala unaanza. Kwa maoni yetu wanabana mahali pasipo pa kubana.

Upimaji nao una mitego. Kifaa cha kupimia chenye vyumba viwili huja na vidonge vya aina mbili, DPD namba 1 kwa klorini na fenoli nyekundu kwa pH (kiasi cha asidi kwenye maji), na vyote hugeuza rangi, kwa hiyo soma karatasi ya kidonge. Suuza chumba mara tatu kwa maji unayopima, kidonge usikishike kwa vidole, soma rangi ndani ya dakika moja, kwenye mwanga wa mchana lakini si juani. Mtego mkubwa zaidi: klorini ikizidi sana, rangi ya waridi hutokea kisha ikafutika, maji yakabaki meupe. Mtu anaandika sifuri na kuongeza dawa! Ukiona weupe mahali unapojua dawa imeingia, punguza sampuli kwa maji yasiyo na klorini, sehemu moja kwa tisa, upime tena.

Kisha toka kisimani uende majumbani. Pima maji yaliyolala tangu jana: yakiwa na miligramu 0.2 au zaidi, kipimo chako kinafaa. Yakiwa chini, kabla hujaongeza dawa angalia chombo. Mtungi wa udongo hula klorini haraka kuliko dumu la plastiki, na ndoo ya mdomo mpana inayochotwa kwa kikombe hupokea mikono ya watoto mchana kutwa. Nyumba ya namna hiyo ipewe dumu lenye kifuniko, wamimine badala ya kuchota, na wasubiri nusu saa kamili kabla ya kunywa.