Ramazani na Ramadhani

Baba alifariki mwaka 2004, nikiwa na miaka mitano. Cheti chake cha kifo kilitoka 2018, na mimi ndiye niliyekifuatilia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa imefungua maombi. Yatima hupewa kipaumbele, lakini lazima aambatanishe cheti cha kifo cha mzazi. Kwetu Ujiji, Kigoma, mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa. Nani angekumbuka cheti? Tulichokuwa nacho ni kibali cha mazishi, ambacho bibi alikitunza kwenye kopo la maziwa, kimekunjwa mara nne, kona moja ina doa la mawese.

Ada ya maombi ilikuwa shilingi 30,000. Mama anauza dagaa mwaloni Kibirizi, pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki, na wiki hiyo ilikuwa ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni, na nyumba zinazoishi kwa ziwa zinakopa unga dukani. Mama alikopa kwenye kikoba.

Tatizo likawa jina la baba. Kibali kilisema Ramazani, kama tunavyotamka Ujiji. Cheti changu cha kuzaliwa kilisema Ramadhani. Katika ofisi ya kwanza tuliyoingia, karani alikisukuma kibali mezani.

"Hawa ni watu wawili. Na huyu, mna uhakika gani kama amekufa?"

Mama, ambaye mwaloni hakuna dalali anayemshinda kwa maneno, hakujibu. Alijifunga khanga upya, akatoka nje. Mpaka leo naamini haikuwa haki. Mtoto aliyefiwa asitumwe kuthibitisha msiba wake dirisha kwa dirisha, wakati siku ya mazishi serikali hiyohiyo iligonga mhuri kwenye kibali.

Kesho yake mama alikuja na mzee mmoja jirani yetu. Tukaanza kwa wakili kuapa kuhusu jina, kisha tukaenda kwa msajili, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Safari hii alikuwepo mama mmoja wa makamo.

"Mzee, marehemu ulimfahamuje?"

"Mimi ndiye niliyemwosha."

Akaandika. Akauliza sababu ya kifo. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa homa. Mzee alimtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikasikia: kusi ilivuma usiku, kipe kikapinduka, baba akashikilia ubao hadi kulipokucha. Walimleta nyumbani akiwa hai. Kifua kilimbana, na siku ya pili akakata roho.

"Alikuwa amechubuka hapa na hapa," mzee akasema, akigusa mikono yake kwa ndani, kuanzia viganja hadi kwenye viwiko. "Kwa kung'ang'ania ule ubao."

Yule mama aliweka kalamu chini. "Pole, mwanangu," akaniambia. Kisha akamgeukia mama, "Pole, dada." Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na mama akalia kama mtu aliyepewa habari asubuhi ile.

Cheti kilipotoka nilichapa fomu, mwenyekiti wa mtaa akasaini, nikaituma Dar es Salaam kwa EMS ya Posta. Mkopo nilipata. Sasa nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na nalipa kwa moyo mweupe.

Jioni tuliyokileta cheti nyumbani, bibi alikuwa barazani anachambua dagaa kwenye ungo. Aliniambia nimsomee. Nikasoma jina, tarehe, mahali. Akanisimamisha.

"Wamemwandikaje?"

"Ramadhani, bibi."

"Huyo ni wenu, nendeni naye shule," akasema. "Wangu nirudishieni."

Nikampa kibali. Akafuta mikono kwenye khanga, akakikunja mara nne kwenye mikunjo yake ileile, akakirudisha kwenye kopo.