Kumbukumbu ya mradi wa maji ya bamvua: wiki ya tano

Programu yangu, niliyoiandika katika lugha ya C, husoma vipimo 720 vya kina cha maji, kimoja kwa kila saa ya mwezi wa siku 30, kutoka kwenye kihisi nilichokifunga katika nguzo ya gati hapa Lamu, kisha hutafuta kilele cha bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wiki hii haikukwama kwenye hesabu. Ilikwama kwenye kuchapisha jibu.

Vipimo vimepangwa katika safu iitwayo `vipimo`. Pointa `kilele`, yaani kigeugeu kinachoshika anwani ya kipimo katika kumbukumbu ya kompyuta, huishia kwenye kipimo kikubwa kuliko vyote, na `kilele - vipimo` hutoa nafasi yake katika safu, kuanzia sifuri. Jibu la kutoa pointa mbili huhesabu vipimo, si baiti. Mwanzoni nililisahau hilo, nikaligawa kwa ukubwa wa kipimo kimoja, baiti 16, nikapata 21. Jibu sahihi lilikuwa 340, yaani siku 14 kamili na saa nne baada ya usiku wa manane: saa kumi alfajiri. Mjomba wangu, nahodha wa jahazi, alicheka tu, kwani saa hiyo ya bamvua aliijua bila kompyuta.

Kwenye laptopu yangu ya biti 64 nilichapisha kwa `printf`, amri ya C ya kuchapisha, nikitumia `%lld`, alama ya namba nzima ya baiti nane, na kila kitu kikaenda sawa. Nilipohamishia programu kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, yenye mfumo wa biti 32, nafasi ikatoka namba ndefu isiyo na maana, na kina kilichofuata katika mstari uleule nacho kikaharibika, kwa sababu `printf` haijui aina ya kitu ilichopewa: huamini alama uliyoiandika, ikachota baiti nane mahali palipowekwa nne. Kompaila ingalinionya, lau nisingalikuwa nimeacha `-Wall`, chaguo linaloiwashia maonyo.

Aina ya jibu hilo ni `ptrdiff_t`, iliyomo katika faili la `stddef.h`, na alama yake tangu C ya mwaka 1999 ni `%td`. Rafiki mmoja wa Malindi alinishauri nitumie `%zu`, ambayo ni ya `size_t`, aina ya namba za ukubwa. Nilimjaribia kwa saa niliyokuwa nimekadiria kilele: nilipoitoa pointa ya kilele kwenye pointa ya makadirio, jibu lilikuwa -3, lakini kwenye laptopu `%zu` ilichapisha 18446744073709551613. Umbali huu una ishara, yaani huweza kuwa hasi, na `size_t` haina.

Kompaila ya zamani ya kibao changu cha pili hufuata C ya mwaka 1989, isiyo na `%td`, kwa hiyo huko naligeuza jibu kuwa `long`, aina ya namba nzima ambayo alama yake ni `%ld`:

`printf("%ld\n", (long)(kilele - vipimo));`

Mtu ataniambia kwamba kwenye Windows ya biti 64 `long` ina biti 32 tu ilhali `ptrdiff_t` ina 64. Ni kweli, ila vipimo 720 vinaenea humo bila taabu.

Linalobaki ni kuunganisha miezi miwili katika safu moja. Kwa sasa kila mwezi una safu yake, na kutoa pointa ya safu moja kwenye ya nyingine hakuna maana yoyote katika C, hata kama namba inayotoka inaonekana ya kuaminika.