Msamaha wa Rais na aliyeibiwa korosho

Kila ikikaribia 26 Aprili, Siku ya Muungano, na 9 Desemba, Siku ya Uhuru, ndugu wa wafungwa wa gereza la Lilungu hapa Mtwara huulizana kama wa kwao atakuwemo kwenye msamaha. Waliotendewa makosa nao wana swali lao: anaachiwaje na mimi sijalipwa hata senti? Ni swali la haki kabisa. Wanaowajibu "acheni kisasi" wanawaonea mara ya pili.

Hesabu yenyewe huwachanganya wengi. Aliyefungwa miezi 36 Newala kwa wizi wa korosho hakai miezi 36. Sheria ya Magereza inampa punguzo la theluthi kwa kazi na mwenendo mwema, kwa hiyo akitulia anatoka baada ya miezi 24. Akivunja nidhamu anaweza kunyang'anywa siku hizo. Hapo Rais hajaingia bado. Msamaha unatoka Ibara ya 45 ya Katiba, na mara nyingi ni punguzo linaloongezwa juu ya ile theluthi, ndiyo maana wengi "waliosamehewa" hubaki ndani. Mwaka 2017 waliguswa 8,157, walioachiwa huru ni 1,828.

Tangazo kwa kawaida huwaacha nje wabakaji, majambazi wa silaha na wa dawa za kulevya. Lakini mwaka huo huo wa 2017 wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliofungwa maisha kwa kubaka watoto, wakaachiwa, na ubishi ukawaka nchi nzima. Mzee wa miaka 70, mgonjwa mahututi aliyethibitishwa na madaktari, mama anayenyonyesha: hao watoke, kukaa kwao hakumrudishii mtu gunia lake. Kwa mtoto aliyebakwa ni jambo lingine. Familia yake ijulishwe kabla, isije ikasikia redioni.

Na wewe uliyeibiwa, usikae kungoja. Siku ya hukumu mwombe mwendesha mashtaka aombe amri ya fidia, ukiwa na stakabadhi za ghala na bei ya mnada mkononi. Bila karatasi, hakimu hana cha kukadiria. Chukua nakala ya hukumu. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, lakini ya madai ni yako, na ukomo wake kwa madhara ya aina hii ni miaka 3. Ukisubiri mtu atoke gerezani ndipo umdai, muda utakuwa umeshakwisha au unakaribia kwisha.