Daftari la shangazi

Jumamosi ya mwisho ya Julai 2016 nilihesabu watu 22 uani kwetu, Ngamiani, na sita kati yao walikuwa wapigaji. Viti nilivyokodi vilikuwa 150.

Nilikuwa nimerudi Tanga kutoka Dar es Salaam na azma moja: mji wetu upate tena usiku wake wa taarab, ya gita na besi, kama ilivyopigwa hapa enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Aprili nilikodi gari la matangazo likazunguka kutwa, Chumbageni hadi Makorora, na soda ikawa bure. Ua ukafurika hadi barazani. Mei walikuja nusu. Juni tulipumzika kwa ajili ya Ramadhani, na Julai ndiyo hiyo.

Asubuhi yake shangazi alinikuta nikipanga viti vya kurudisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu nambie, wale wa Aprili wasiorudi, umekwenda kuwajulia hali?"

Sikuwa na jibu. Wengi hata majina sikuyajua.

"Basi waliitwa na spika, hukuwaita wewe. Mtu hubishiwa hodi, mwanangu."

Shangazi alikuwa mtu wa Black Star tangu usichana wake. Alinieleza jinsi vikundi vile viwili vilivyougawa mji: ukiwa wa huku, kule hukanyagi. Wanawake walichangishana kanga za sare, wakaamka alfajiri kuwapikia wapigaji, na mwenzao akifiwa wakenda wote. "Hatukuwa wageni pale," akasema. "Tulikuwa wenye shughuli."

Neno hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa nimewafanya watu wangu wageni, tena wageni wa soda.

Alichukua daftari la mjukuu wake. Shangazi huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kwake daftari lilianzia nyuma, penye jedwali la kuzidisha. Kila jina lilipata mstari wake, na mbele ya jina kazi: huyu mikeka, huyu vitumbua, huyu kahawa, huyu karabai. Nilibisha. Niliona kuwaomba watu ni kuwafukuza. Akaendelea kuandika.

Tulitembea kila siku baada ya alasiri, wiki tatu nzima. Nyumba moja ya Msambweni siisahau. Mwenyewe alikuwa amekaa eda, imemalizika siku chache tu. Shangazi hakutaja taarab hata mara moja. Walizungumza juu ya marehemu, juu ya bei ya nazi, juu ya mjukuu anayeota meno. Tulipokuwa tunavaa viatu ndipo akamwambia, "Lile sinia lako kubwa tunalihitaji." Yule mama akatazama chini, halafu akacheka kidogo. Nadhani alikuwa hajaombwa kitu muda mrefu.

Tarehe 19 Agosti akafariki Bi Shakila, binti wa Pangani aliyeimba na Black Star. Wapigaji walitaka tuahirishe. Shangazi akasema watu wameshapewa kazi zao. Tutaanza kwa dua, kisha tutaimba nyimbo zake.

Jumamosi ya tarehe 27 sikukodi kiti hata kimoja. Baada ya isha wakaanza kuingia, kila mtu na kitu mkononi au kichwani. Sinia la Msambweni liliingia limejaa vitumbua, limefunikwa kawa.

Wimbo wa tatu, umeme ukakatika. Gita likafa, besi ikafa, kipaza sauti kikafa. Moyo wangu ulishuka, kwa kuwa Mei ulipokatika hivyo hivyo, ua ulikuwa mtupu kabla sijapata mshumaa. Safari hii nikasikia sauti ya mwanamke gizani: "Taa ni yangu." Kisha mpampu wa karabai, tsa, tsa, tsa, na utambi ukavimba, mwekundu, halafu mweupe, nyuso zote zikatokeza. Hakuna aliyekuwa amesimama ila yeye.

Fidla ikashika, kodiani ikafuata, dumbaki chini. Wanawake waliokuwa wakisikiliza wakawa ndio waimbaji. Maneno ya Bi Shakila waliyajua yote, pamoja na mahali pa kuvuta pumzi. Wengine walilia huku wakiimba. Umeme uliporudi, saa nne ya usiku imeshapita, mpiga gita alitazama waya wake na kuuacha ulipo.

Nilihesabu watu 94. Walipomaliza walikunja mikeka wenyewe, wakafagia, na mmoja akauliza maji ya mwezi ujao yataletwa na nani.

Wengine walipokwisha kuondoka, shangazi aliketi chini ya taa na daftari lake, akipitisha kidole kutoka kulia. Kidole kikasimama.

"Wa kahawa hakuja," akasema. "Kahawa imeletwa na mwanawe."

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulikuwa Makorora, nimebeba vitumbua vilivyobaki, shangazi mbele yangu mlangoni.

"Hodi."