Nilivyosoma Sayansi ya Ardhi kwa Mawe ya Uwandani

Nilipoanza shahada ya kwanza ya sayansi ya ardhi katika chuo kidogo hapa Unguja, mawe yote ya kujifunzia yalikuwa ndani ya sanduku moja la mbao, na mengi kati yake vibandiko vilikwisha kufutika. Mhadhiri alitufundisha kwa bidii miamba ya moto, yaani ile iliyotokana na mwamba ulioyeyuka ukapoa na kuganda, lakini juu ya kisiwa hiki, kama ilivyo Pemba, huokoti graniti wala jiwe la volkano. Utakachokuta ni mawe ya matumbawe, mchanga na udongo. Nilikariri, na mtihani wa vitendo wa kutambua mawe nikaufeli.

Likizo ile nilirudi kwetu Makunduchi. Ami yangu, ambaye amelima uwandani, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maisha yake yote, alinichukua shambani.

"Hapa jembe halifai, mwanangu. Tunatia mbegu vishimoni baina ya mawe. Udongo ule mwekundu ni kinongo, na ukienda mabonde ya mpunga utakuta kinamo, ule wa kunata."

Majina haya niliyasikia tangu utotoni bila kuyatilia maanani, kumbe ndiyo yale yale wanayoyaandika wataalamu wa udongo wa Zanzibar. Nilivunja jiwe moja kwa nyundo. Ndani lilikuwa jeupe, lina vijitundu vilivyopangika kama sega la nyuki, kila kimoja nyumba ya mdudu wa baharini aliyekufa zamani sana. Nilikwangua unga kidogo, nikadondoshea siki, na povu likapanda taratibu: kalsiamu kaboneti ilikuwa ikitoa hewa ya kaboni dioksaidi mbele ya macho yangu. Mvua nayo hulila jiwe hili kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa maji yake huchukua hewa hiyo yakawa asidi dhaifu, na ndiyo maana uwanda una mapango na mawe makali yanayokata viatu.

Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ndilo lililonifungua zaidi. Humo wachimbuzi walikuta mifupa ya punda milia, mnyama ambaye leo Unguja hayupo. Wakati wa enzi ya barafu bahari ilishuka kiasi cha mita 120, na kwa kuwa mkondo baina yetu na bara ni wa kina kifupi, wanyama walikuja kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa. Nilipolifahamu hilo, somo la kupanda na kushuka kwa bahari sikulikariri tena.

Graniti niliipata kwa binamu yangu anayeishi Dodoma, aliyeniletea kipande ndani ya mfuko wa unga. Nilikitia siki, hakikutoa povu hata kidogo.

Mtihani nilioufeli niliurudia nikafaulu. Mwaka wa mwisho niliomba ruhusa ya kuongeza mawe katika lile sanduku, nikatia vipande 14 pamoja na chupa za kinongo, kinamo na kichanga, kila kimoja na kibandiko chenye majina mawili, la kitaalamu na lile analolitumia ami.