Weusi wa Mama: Safari ya Dakshineswar

Nilipofika Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kaskazini mwa Kolkata, Kali, mungu wa kike wa Wahindu niliyesafiri kumwona, alikuwa bado mweupe. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Kali Puja, ibada inayofanywa usiku wa manane, katika usiku usio na mwezi kati ya Oktoba na Novemba. Katika vichochoro vyembamba vya mtaa ule sanamu zilipangwa bega kwa bega: nyingine zilikuwa mianzi na majani makavu ya mpunga tu yaliyofungwa kwa kamba, nyingine zimekandikwa udongo wa mto, na nyingine zimeshapakwa rangi nyeupe ya msingi inayotangulia rangi zote. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa akikoroga rangi nyeusi ndani ya kifuu cha nazi. Alichovya brashi, akaanzia kwenye paji la uso, akashuka polepole hadi shavuni, na uso ambao dakika chache zilizopita haukuwa na lolote ukaanza kupata kina, kama kisima unachokiinamia.

Nimekulia Tanga, ambako neno mkorogo hubeba aibu na matamanio kwa pamoja: krimu tatu au nne huchanganywa kwenye kikopo ili ngozi nyeusi itakate. Nilikuwa na miaka 13 shangazi yangu aliponipaka kwa mara ya kwanza, tena kwa mapenzi, akiniambia kwamba msichana akitakata ndipo anapoonekana. Kwa hiyo kumwona mzee wa watu akikoroga weusi kwa uangalifu ule, akiujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba kabla ya kuupaka, kulinifanya nisimame pale muda mrefu, hadi mwenyeji wangu, mwalimu wa shule aliyekuwa akinitafsiria, aliponishika mkono. Nilimwomba amuulize fundi kwa nini sanamu nyingine zilipakwa buluu. Fundi alijibu bila kuinua macho kwamba wa buluu ni Shyama, anayependwa zaidi majumbani kwa sababu watu hawamwogopi sana, lakini ni yuleyule. Jina Shyama nalo, mwenyeji wangu aliongeza, maana yake ni mwenye rangi ya giza.

Jina la Kali likiingia masikioni mwa Mswahili huleta mara moja maana yetu ya ukali, na umbo lake huithibitisha maana hiyo haraka mno: ulimi uko nje, shada la vichwa limening'inia shingoni, mkono mmoja wa kushoto umeshika upanga na wa pili kichwa kilichokatwa. Ni rahisi kutoiona mikono ya kulia, ambayo mmoja unaashiria usiogope na mwingine unatoa. Katika Kisanskriti, Kali ni umbo la kike la neno kala, lenye maana ya weusi na pia ya wakati, kwa hiyo anayelitamka jina hilo hutamka mambo mawili kwa mpigo. Katika Kibengali hata wino huitwa kali. Maandiko ya Kitantra, mojawapo ya njia za siri za ibada ya Kihindu, yanafundisha kwamba kama vile nyeupe, njano na rangi nyingine zote zinavyopotelea ndani ya nyeusi, ndivyo viumbe vyote vinavyorudi ndani yake. Niliposikia hayo nilimkumbuka fundi na brashi yake: rangi nyeupe ilikuwa bado ipo chini, imepokelewa.

Kesho yake alfajiri tulipanda metro kutoka Sovabazar hadi kituo cha mwisho, Dakshineswar. Hekalu la hapo lilianza kujengwa mwaka 1847 na kufunguliwa mwaka 1855 kwa fedha za Rani Rashmoni, mjane tajiri ambaye, kwa kuwa alizaliwa katika tabaka lililohesabiwa kuwa la chini, alihangaika sana kumpata Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, wa kukubali kuhudumu katika hekalu lake. Lina minara tisa, na upande wa mto Hooghly limezungukwa na mahekalu madogo 12 ya mungu Shiva, yote sawasawa. Tuliacha viatu na simu, tukanunua maua mekundu ya haibiskasi, ambayo ndiyo ua la Kali, tukaingia kwenye foleni ya watu waliokuwa wakiita kwa sauti neno moja tu, Ma, Ma, kama mtoto aliyeamka usiku.

Nilimwona kwa muda wa pumzi tatu. Sanamu yenyewe ni ndogo, haifiki mita moja, imechongwa kwa jiwe jeusi, imevalishwa sari na dhahabu na kufunikwa maua, na imesimama juu ya kifua cha Shiva wa marumaru nyeupe. Mweupe amelala kimya, mweusi ndiye aliyesimama. Waumini hueleza kwamba Shiva ni utambuzi safi usiotikisika na Kali ni nguvu inayofanya mambo yatokee, na kwamba Shiva bila Kali hubaki kama maiti. Moshi wa ubani ulikuwa mzito na dhahabu ilikuwa nyingi, na bado jicho langu halikwenda kwenye dhahabu. Liliendelea kurudi kwenye ule uso ambao haukurudisha mwanga, nikahisi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa. Mimi si Mhindu na sikwenda kuabudu. Nasema tu kilichonipata.

Ramakrishna, mtakatifu wa Kihindu wa karne ya 19, alihudumu katika hekalu hili na kuishi hapo kwa karibu miaka 30, na ndiye aliyelieleza suala la rangi ya Mama kwa namna inayorudiwa na kila mtu pale. Alifundisha kwamba Kali huonekana mweusi kwa aliye mbali, kama maji yanavyoonekana meusi ukiyatazama kwa mbali, lakini ukisogea na kuyachota kiganjani hayana rangi yoyote. Niliteremka ngazi za mtoni kujaribu. Hooghly ina tope, na maji yaliyobaki kiganjani mwangu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo ilinibidi niikumbuke bahari ya kwetu, ile inayokuwa wino kabisa nje ya mwamba na ukiichota ni safi kama machozi. Mfano huo ulinituliza na kunisumbua pia. Kama weusi ni kazi ya umbali tu, je, anayekaribia anauacha nyuma? Mwenyeji wangu alitikisa kichwa. Alisema kwamba nyimbo wanazomwimbia Mama hazimtakii rangi nyingine, na kwamba katika waliozitunga yumo hata mshairi Mwislamu, Kazi Nazrul Islam, aliyemwimba kama binti mweusi ambaye nuru hucheza miguuni pake.

Ndani ya ua huohuo kuna hekalu la mungu Krishna, na jina Krishna maana yake ni mweusi. Hapo nilimkumbuka jirani yetu wa Tanga, bibi wa Kibanyani mwenye asili ya Kutch, magharibi mwa India, aliyekuwa na picha ya Shrinathji, umbo mojawapo la Krishna, mweusi tii, mkono wa kushoto juu, akiuinua mlima kuwakinga watu na mvua. Bibi huyo alituambia kwamba Mungu wake ni mweusi kama wingu la mvua, nasi watoto tulielewa papo hapo, kwa maana hakuna mkulima wa kwetu anayelitazama wingu jeusi la masika akatamani litakate.

Tukiwa kwenye metro ya kurudi, chini ya tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi, mwenyeji wangu, ambaye ni mweusi kuliko mimi, alisema jambo alilolinyamazia siku zote hizo. "Didi," yaani dada, "Mama ni mweusi na watu wanamlilia. Mimi ni mweusi, na jamaa walipokuwa wakinitafutia mchumba walimlilia mama yangu." Katika matangazo ya ndoa ya magazetini, alisema, msichana wa rangi yake huandikwa kuwa ana weusi unaong'aa, ili neno la pili lilipunguze la kwanza. Sikuwa na jibu. Naamini mafundisho yale ni ya kweli na ya kina, na naamini pia kwamba wengi huyaacha ndani wanapotoka kuchukua viatu.

Usiku wa Puja ulipita kwa ngoma, taa na fataki. Siku mbili baadaye vijana wa mtaa wa mwenyeji wangu waliibeba sanamu yao mabegani hadi mtoni, wakaizungusha, wakaiingiza majini. Katika mwanga wa taa za ukingoni niliona weusi ukitoka kwanza na kutandaa, kisha ile nyeupe ya chini, kisha udongo ukarudi kwenye udongo wake, hadi yakabaki majani ya mpunga na mianzi. Mwenyeji wangu aliinama, akachota maji, akajimiminia kichwani, kisha akanimiminia na mimi. Yaliteremka usoni mwangu, na katika giza lile sikuweza kuona yalikuwa na rangi gani.