Lile tope jeupe la alumini tusilimwage, ni matofali ya tanuri yale

Jamani hii kitu inaniuma. Mafundi wetu pale Katwe, Kampala, wanayeyusha skrepa ya alumini wanasubu masufuria, na alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 tu, lakini ukitaka kuyeyusha chuma cha kusubu lazima upite 1,200, na hapo tofali la udongo mwekundu linalainika linapinda kwa sababu ule wekundu ni chuma, na chuma kwenye udongo kinaharakisha kuyeyuka. Matofali ya kuhimili moto huo ya kutoka nje bei yake siyo mchezo.

Sasa kiwanda kinachofanya anodaizi ya alumini (kuipa ngozi ngumu kwa umeme na asidi) kinatoa tope jeupe kama uji, sehemu kubwa ni hidroksidi ya alumini, yaani alumina (alumini iliyoungana na oksijeni) iliyobeba maji. Tope la mitambo ya kusafisha maji ya ziwa kwa shabu nalo lina alumini, ila limechanganyika na udongo, chuma na mabaki ya majani, mimi kwa moto mkali silitegemei.

Ila usilichanganye bichi! Hidroksidi ikipata moto inapoteza karibu asilimia 35 ya uzito wake, yote maji, alafu inasinyaa tena ikikaribia 1,200, kwa hiyo tofali litajaa nyufa. Lioshe kwanza kutoa sodiamu na salfati (sodiamu inazaa kioo na kioo kinalainika mapema), kausha, choma peke yake hadi lipite 1,200, saga liwe unga, ndo ulete kaolini, ule udongo mweupe, na ya kwetu hapa Uganda ipo Mutaka. Unachotafuta ni mulaiti, fuwele inayohimili moto mkali, alumina kama asilimia 72 kwa silika (ile ya mchanga) 28. Kaolini iliyochomwa ina alumina asilimia 46 hivi, haifiki peke yake, so ukipima unga wa tope na kaolini vyote vikiwa vimeshachomwa ni karibu nusu kwa nusu. Alafu moto uende 1,500 na zaidi ndo vishikane sawasawa, joko la kuni hapo sahau, tafuta la gesi au mafuta lenye feni ya nguvu.

Tope la kupaka kromu au nikeli usiliguse kabisa, ukilichoma kromu inaweza kugeuka ile ya sumu. Kwa hiyo wewe uliyeko kiwandani Namanve au Jinja, kabla hamjamwaga, peleka kilo moja maabara wapime alumini, sodiamu, chuma na kromu, alafu waiteni wafinyanzi.